Karani wa Mizani ya Miwa

Kazi yangu ni kupima.
Trela inapanda, sindano inatetemeka, inatulia,
naandika tani, naandika nambari ya shamba,
dereva anasema nimemwibia.
Miaka sita hapa, barabara ya Chemelil,
nikajiona najua uzito wa vitu.

Basi jana usiku nilipanga karatasi tatu mezani,
nikazikandamiza kwa kiberiti, kikombe na betri ya tochi,
maana upepo wa huku haubishi hodi.

Ya kwanza ni ya Kondele, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi.
Miezi mitatu. Cheti chenye muhuri wa dhahabu.
Nilizipanda ngazi zile nikaenda kuona.
Sanamu ya mazoezi ilikuwa imelazwa juu ya kabati,
haina mkono wa kulia,
na kifuani mtu ameiandika kwa wino: NIACHENI NILALE.
Nikauliza, ambulensi iko wapi?
Binti wa mapokezi akanionyesha picha ukutani.

Ya pili ni ya Nakuru. Inang'aa, inateleza mkononi kama kamongo.
Wananipigia simu kila Jumanne:
Dada Akumu, zimebaki nafasi mbili.
Wiki ya tano sasa, nafasi bado ni mbili.
Nikauliza kama cheti chao kinatambuliwa na serikali.
Simu ikakatika. Mtandao, si unajua.

Ya tatu ni Kisumu vilevile, nyuma ya hospitali.
Miezi kumi na minane,
na karo ya kumfanya mama aitishe kikao cha chama.
Usiku mia na ishirini ndani ya ambulensi, imeandikwa hivyo.
Usiku, si siku. Nilisoma mara mbili.

Kaka yangu Obuya anasema, chukua fupi.
Damu ni damu, anasema, na bendeji ni bendeji.
Nami ningemsikiliza
kama si trela ile isiyo na taa, pale Awasi, mwezi wa Agosti,
na pikipiki ya Ochola iliyoingia chini yake
kama barua chini ya mlango.
Tulikuwa watu ishirini. Watu wema.
Tukamshika: mimi kwapa la kushoto,
mwingine la kulia, mwingine miguu,
moja, mbili, hayaa!
Kichwa kikaanguka nyuma,
tukakiacha kining'inie,
tukampakia kwenye pikapu juu ya magunia ya vitunguu,
tukapongezana.

Daktari hakutulaumu.
Aliuliza tu, nani alishika kichwa?
Tukatazamana.

Leo alfajiri nimempelekea Ochola karatasi zangu, kwao Ombeyi.
Magurudumu ya kiti chake yamechimba njia mbili uani kwa mama yake.
Wanatengeneza redio za watu: mdogo wake anashika koleo,
yeye anaelekeza kwa kidevu. Huo mwekundu. Siyo huo.
Sikumwambia lolote la ile siku. Nilisema, nisaidie kuchagua,
nikamfunulia kurasa mmoja mmoja.
Akauliza,
Shingo iko ukurasa wa ngapi?

Ya Kondele haikuwa na kurasa.
Ya Nakuru ilikuwa na wahitimu wakirusha kofia.
Ya tatu, ukurasa wa nne, wiki ya pili:
kichwa na shingo, na mikono ya nani iwe wapi.
Akaisoma polepole, midomo ikicheza,
kisha akamwambia mdogo wake, huo wa buluu, uunge sasa,
na redio ikakohoa, ikatangaza bei ya mbolea.

Nimerudi kazini. Foleni ya trela imefika kwenye reli.
Fomu naijazia gotini, kati ya mzigo na mzigo.
Jina. Umri. Karo italipwa na nani: hapo nimeruka.
Sababu ya kuomba nafasi hii:
wameacha mistari mitano.
Nimetumia mmoja.
Nilishika kwapa.